Mafunzo ya uzoefu kazini serikalini: mwongozo kwa aliyetoka chuo juzi

Mahafali ya vyuo yakishapita, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, intanishipu serikalini wanaombaje?" "Nimejisajili miezi mitatu iliyopita, kimya, nifanyeje?" "Barua naandika kwa Waziri au kwa nani?" Niliwahi kuwa intani, kisha nikakaa miaka kadhaa katika ofisi ya utumishi ya halmashauri moja nikipokea barua za walionifuata. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo haya hapa yote kwa mkupuo.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mwenye shahada au stashahada. Kama umesoma udaktari, uuguzi au ufamasia, wenu ni utaratibu mwingine kabisa, unaopitia Wizara ya Afya na mabaraza yenu ya kitaaluma. Zanzibar nako ajira na mafunzo yanasimamiwa na serikali ya kule, basi ulizia huko.

Tuelewane kwanza jambo moja, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Fildi ni ile uliyofanya ukiwa bado mwanafunzi, chuo kikakupa barua. Kujitolea ni makubaliano yako na ofisi, mara nyingi bila hela. Mafunzo ya uzoefu kazini, ndiyo hiyo intanishipu, ni programu rasmi ya mhitimu. Yana mwongozo wa taifa uliotolewa mwaka 2017, yana muda maalumu wa kati ya miezi 6 na 12, na posho yake ni ya kujikimu, si mshahara. Ajira ni kitu kingine tena. Ajira za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal, na huko ni usaili tu unaoamua. Mtu akikwambia "ukiingia intani unaunganishwa moja kwa moja," huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kusanya hivi kabla ya kugusa kompyuta

- Cheti cha kuzaliwa.
- Kitambulisho cha Taifa, au angalau namba yako ya NIDA.
- Cheti cha kidato cha nne, na cha sita kama ulipita huko.
- Cheti cha chuo na transkripti. Wa stashahada, kuwa karibu na namba yako ya uthibitisho wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.
- Kama ulisoma nje ya nchi, barua ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ya kuitambua shahada yako. Hii huchukua muda, ianze leo.
- Picha ndogo ya pasipoti, ya hivi karibuni.
- Barua pepe yenye jina lako halisi. Ile ya "mtotowamama2001" iache kwa marafiki.
- Namba ya simu utakayokuwa nayo mwaka mzima. Usitumie laini ya shemeji.
- Wadhamini wawili au watatu waliokubali kutajwa, na mmoja awe mwalimu wako wa chuo.

Hatua kwa hatua

1. Linganisha majina na tarehe kwenye nyaraka zote.

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Nimeona watu wenye GPA nzuri wakikwama hapa kuliko mahali pengine popote.

Tandaza nyaraka zako mezani, zote kwa pamoja, uchukue kalamu na karatasi. Andika jina lako kama linavyosomeka kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Juma Saleh. Cha kidato cha nne kinasema Mwajuma J. Salehe. NIDA wameandika Mwajuma Juma Salehe. Chuo kikafuata cha kidato cha nne. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja. Kwa mfumo, na kwa afisa asiyekujua, hao ni watu watatu. Athumani na Othman, Halima na Harima, Elizabeth na Elizabeti, yote hayo nimekutana nayo.

Tarehe nayo iangalie. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Zisome, kisha zilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Kuna watu wametembea na namba hiyo miaka mitano bila kugundua kwamba mwezi umekosewa.

Ukikuta tofauti, dawa inategemea kosa liko wapi:

- Kosa liko NIDA: nenda ofisi ya NIDA ya wilaya na cheti cha kuzaliwa, uombe marekebisho.
- Kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa: hilo ni la RITA, wanaosajili vizazi na vifo.
- Majina yanatofautiana herufi au mpangilio tu, ila wewe ni yule yule: apa mbele ya wakili au hakimu, upate hati ya kiapo inayotaja majina yote na kusema ni ya mtu mmoja.
- Ulibadilisha jina kabisa, kwa ndoa au kwa dini: hapo kiapo hakitoshi, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Kosa la kawaida ni kuchagua jina unalolipenda na kulijaza kwenye mfumo. Jaza lililo kwenye cheti cha kidato cha nne na NIDA. Jina lako la mtaani litapata nafasi yake siku nyingine.

2. Skani nyaraka vizuri, kisha thibitisha nakala.

Nenda stesheneri yenye skana. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kitanda, shuka la maua likionekana pembeni, inakushusha kabla hujasomwa. Kila hati iwe PDF yake, iwe na jina linaloeleweka: "Cheti_kidato4_Mwajuma_Salehe", si "scan0047". Punguza uzito wa mafaili, kwa sababu mifumo mingi hukataa faili kubwa na wakati mwingine haikwambii kwa nini.

Nakala za karatasi zipeleke kwa wakili au hakimu zigongwe muhuri wa nakala halisi. Tengeneza seti tatu kwa mpigo, ni nafuu kuliko kurudi mara tatu. Cheti halisi hakiachwi ofisini kwa mtu yeyote, hata akikuahidi kukirudisha kesho asubuhi.

3. Andika wasifu wa kurasa mbili, basi.

Mhitimu mpya hana mambo ya kurasa tano. Weka elimu, fildi uliyofanya, programu za kompyuta unazozimudu kweli, lugha, wadhamini. Fildi ieleze kwa kazi ulizofanya. "Nilifanya fildi idara ya fedha" haisemi kitu. "Niliandaa hati za malipo na kulinganisha taarifa za benki kila mwisho wa mwezi" inasema. Kutaja urefu wako, kabila na "napenda kusikiliza muziki" hakusaidii chochote.

4. Jisajili TaESA.

TaESA ni huduma ya ajira ya serikali, iliyoanzishwa kama Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, na ndio wanaoratibu programu hii kwa serikali. Anzia tovuti yao rasmi, ufuate kiungo cha kujisajili kilichopo hapo. Usifuate kiungo cha kwenye kundi la WhatsApp hata kama kimetumwa na mchungaji wako. Anwani halali za serikali huishia na .go.tz, na kujisajili ni bure.

Jaza taarifa zako taratibu, ukiwa na nyaraka mbele yako. Sehemu ya fani usiandike "yoyote". Najua unamaanisha uko tayari kwa lolote, lakini anayetafuta mhitimu wa ugavi hatakuona. Mikoa uliyo tayari kwenda, taja zaidi ya mmoja kama unaweza kweli kuishi huko. Wote wanataka Dar es Salaam na Dodoma. Ukifika mwisho, hakikisha umewasilisha. Wengi huhifadhi rasimu na kuondoka wakidhani wamemaliza.

Andika barua pepe na neno la siri uliyotumia kwenye daftari, si kwenye simu inayoweza kuibiwa kwenye daladala.

5. Wakati huo huo, tafuta nafasi mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokwambia "jisajili, subiri". Jisajili, ndiyo, lakini taasisi nyingi za umma hupokea pia maombi ya moja kwa moja, na nyingine hutoa matangazo yao wenyewe. Mtu mwenye barua mbili tatu zinazotembea yuko mbele ya aliyekaa nyumbani akifungua ukurasa mmoja kila asubuhi.

Chagua taasisi tatu au nne ambazo fani yako ina kazi ya kufanya. Mhitimu wa uhasibu ana nafasi kila halmashauri. Mhitimu wa jiolojia atapoteza nauli akienda huko huko. Halmashauri za wilaya zilizo mbali na miji mikubwa zina uhaba wa watu, na intani wa kule hupewa kazi ya kweli. Mimi nilipelekwa wilayani nikanung'unika njia nzima kwenye basi. Mwezi wa pili nilikuwa naandaa taarifa ambazo mwenzangu aliyebaki makao makuu ya taasisi kubwa hajawahi kuzigusa. Yeye alikuwa anafotokopi.

Angalia na kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Barua ya Mei inakuta kasma, yaani fungu la bajeti, imekauka na wakubwa wako kwenye Bunge la bajeti. Barua inayofika Julai au Agosti inakuta pumzi mpya.

6. Andika barua ya maombi kwa mtu sahihi.

Barua ya serikali huandikwa kwa mtendaji mkuu wa taasisi, haiandikwi kwa mkuu wa idara unayoitaka wala kwa mwanasiasa. Kwa wizara ni Katibu Mkuu, siyo Waziri. Kwa mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa. Kwa halmashauri ni Mkurugenzi. Wakala wa serikali una Mtendaji Mkuu, shirika la umma lina Mkurugenzi Mkuu, TRA wana Kamishna Mkuu, chuo kikuu kina Makamu Mkuu wa Chuo. Ukikosea hapo, barua haitupwi, lakini itazunguka.

Mfano, anwani yako na tarehe vikiwa kulia juu:

> Mkurugenzi,
> Halmashauri ya Wilaya ya ………,
> S.L.P. ………,
> ………
>
> YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO YA UZOEFU KAZINI KATIKA FANI YA UHASIBU
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 24, mhitimu wa Shahada ya Uhasibu wa mwaka ………, Chuo ………. Naomba nafasi ya mafunzo ya uzoefu kazini katika ofisi yako kwa kipindi cha miezi ………, kuanzia tarehe ……….
>
> Nikiwa mwanafunzi nilifanya mafunzo kwa vitendo ………, ambako niliandaa hati za malipo na kulinganisha taarifa za benki. Nimejisajili pia TaESA.
>
> Naambatisha wasifu wangu na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Napatikana kwa simu namba ……….
>
> Wako mtiifu,
>
> (sahihi)
> Jina kamili

Ukurasa mmoja unatosha. Usieleze kwamba wewe ni yatima, kwamba mama anauza maandazi, kwamba nyumbani mna shida. Inasikitisha na huenda ni kweli, lakini afisa utumishi hana kisanduku cha kuweka hilo, na barua ishirini za siku hiyo zimesema hivyo hivyo. Na kama unanakili barua moja kwa taasisi nne, isome kila moja kwa sauti kabla ya kusaini. Mimi niliwahi kuomba nafasi kwa Mkurugenzi wa halmashauri moja, na ndani ya barua nikaeleza jinsi ninavyovutiwa na kazi za halmashauri ya jirani. Sikujibiwa, na sikushangaa.

7. Ipeleke mwenyewe masjala, ofisi inayopokea na kutunza barua.

Ukiweza kufika, fika. Vaa kwa heshima, uende asubuhi, uulize masjala iko wapi. Chukua barua mbili: moja wanabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Hiyo nakala ndiyo ushahidi wako. Mlinzi akikwambia "niachie mimi, nitampa bosi," mshukuru kwa upole na uendelee kutafuta masjala.

Msalimie mtunza kumbukumbu vizuri. Shikamoo haigharimu kitu, na huyo mama au baba ndiye pekee katika jengo zima anayejua barua yako iko kwenye faili gani na faili liko meza ya nani.

Kama taasisi iko mbali, tuma kwa posta au kwa barua pepe rasmi ya taasisi, kisha piga simu ya ofisi baada ya wiki kuthibitisha kwamba imefika.

8. Fuatilia, bila kuwa kero.

Barua ikishapokelewa, huingizwa kwenye faili, inapanda kwa mkuu wa taasisi, inashuka kwa afisa utumishi na maelekezo, inakwenda idarani kuulizwa kama wanakuhitaji, kisha inarudi. Hesabu wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo rudi na nakala yenye muhuri na uulize kwa utulivu: "Naomba kujua barua yangu ya tarehe fulani imefikia wapi." Ukiambiwa "ipo kwa bosi," uliza urudi lini, uandike tarehe, urudi tarehe hiyo. Kupiga simu kila siku saa mbili asubuhi kutakufanya ujulikane, lakini si kwa wema.

9. Ukiitwa kwenye mahojiano.

Si kila taasisi huwahoji wanaoomba mafunzo. Wakikuita, nenda na vyeti halisi na kitambulisho. Maswali huwa mepesi: taasisi hii inafanya nini, fani yako itasaidia wapi, unaishi wapi, utajikimu vipi. Hilo la mwisho huwakwaza watu. Jibu ukweli uliofikiriwa, kwa mfano kwamba utaishi kwa ndugu fulani, au umepiga hesabu ya chumba na chakula.

10. Soma barua ya kupangiwa kabla ya kufunga begi.

Barua inapaswa kukuonesha kituo, idara, tarehe ya kuripoti na muda wa mafunzo. Kama haisemi posho ni kiasi gani na nani anailipa, uliza kabla hujapanda basi. Posho nyingi huchelewa miezi ya mwanzo, kwa hiyo usiende mkoa mgeni bila akiba ya mwezi mmoja au miwili. Ulizia na bima ya afya. Siku ya kuripoti unaweza kusainishwa kiapo cha kutunza siri. Kichukulie kwa uzito: picha ya faili la serikali kwenye stetasi yako imeshawafukuzisha watu.

Ukikwama

*Cheti bado hakijatoka.* Maliza kliaransi chuoni, uchukue transkripti, uambatishe na barua ya chuo inayothibitisha kwamba umehitimu. Baadhi ya taasisi hukubali kwa mafunzo. Lakini kwa ajira kupitia Ajira Portal, matokeo ya muda hayakubaliki, kwa hiyo usiache kufuatilia cheti.

*Mfumo unakataa namba ya NIDA.* Kwanza hakikisha tarakimu zote 20 zimeingia. Kisha linganisha jina na tarehe ulivyojaza na vilivyo NIDA. Vikifanana na bado inagoma, jaribu usiku au asubuhi sana, kwa sababu mara nyingine ni mtandao tu.

*Umesahau neno la siri na barua pepe yenyewe imepotea.* Usifungue akaunti ya pili, zitagongana. Wasiliana na dawati la msaada la mfumo husika ukiwa na namba yako ya NIDA.

*Umeambiwa "hatuna bajeti."* Mara nyingi ni kweli. Uliza kama wanapokea intani anayelipiwa na programu ya TaESA, na kama ndivyo, omba wakuandikie kwamba wako tayari kukupokea. Barua hiyo peleka TaESA.

*Mtu anataka hela "ya kusukuma faili."* Usitoe. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Ukinyanyaswa au ukipuuzwa kwa muda mrefu, toa malalamiko kwenye e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko mtandaoni. Nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayokulinda hapo.

*Umefika kituoni na unatumwa chai tu.* Wiki ya kwanza vumilia, kila mtu alianzia hapo. Wiki ya tatu mwombe msimamizi wako kazi moja maalumu, uitaje kwa jina: "Naomba kusaidia kuingiza madai ya watumishi kwenye mfumo." Ukisema tu "nipe kazi" utaambiwa subiri.

*Muda unakaribia kuisha na hujaona cheti cha mafunzo.* Anza kukiomba mwezi mmoja kabla, kwa barua, kupitia kwa mkuu wako wa idara. Andaa mwenyewe orodha ya kazi ulizofanya, ukurasa mmoja, uiambatishe. Bosi anayesaini huwa safarini wiki unayomhitaji.